Mkiandika "kifo cha utata", rudini mtuambie kilichoua

Ndugu Mhariri,

Baridi imeingia. Mimi ninauza majiko ya mkaa hapa Uyole, na huwa naijua baridi kwa wateja: wanaanza kuulizia jiko dogo, "la kuweka chumbani". Ndiyo maana nimeshika kalamu sasa, nisingoje mwezi wa nane.

Kila mwaka, Juni na Julai, magazeti yetu, lako likiwemo, huwa na ile habari fupi ya pembeni. Mtu fulani, au mke na mume, au vijana wawili waliopanga pamoja, wamekutwa wamefariki chumbani. Mlango ulifungwa kwa ndani, mwili hauna jeraha, mazingira ni ya kutatanisha, polisi wanaendelea na uchunguzi. Habari hizo nazikata na kuzitia kwenye bahasha. Ninazo 11. Habari ya pili, ile ya kusema uchunguzi uliishia wapi, sijapata hata moja.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 15, kidato cha pili katika shule ya kata. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Tukuyu, pale juu ambapo ukungu haukuachii mpaka saa nne asubuhi. Shule haikuwa na maabara. Kulikuwa na kabati moja la vitabu ofisini kwa mwalimu wa taaluma, na ufunguo wake nilikuwa natunza mimi kwa kuwa hakuna mwingine aliyeuhitaji. Nilisoma kila kilichokuwemo, hata kitabu cha kemia cha madarasa ya mbele. Kiingereza kikinishinda nafungua kamusi, na asubuhi naamka na masizi ya koroboi puani. Kijijini waliniita Mwalimu, na hawakuwa wakinisifu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alianza kama utingo kwenye malori ya viazi, akaja kuwa dereva. Alikuwa na miaka 27. Mwaka ule ndio kwanza alikuwa amemaliza nyumba yake ya matofali ya kuchoma, ina plasta, ina dari, ina madirisha ya vioo. Sisi wengine tulilala katika nyumba ambazo upepo unajipitia chini ya paa. Yake ilikuwa imeziba vizuri, na watu walikuja kuitazama. Mkewe alikuwa kwao Kyela kujifungua. Usiku mmoja wa Julai mjomba alirudi amelowa. Akachemsha chai uani, akangoja mkaa ukolee mpaka moshi ukaisha kabisa, kama tulivyofundishwa wote, kisha akaliingiza jiko chumbani na kuziba chini ya mlango kwa kiroba. Saa tatu asubuhi mlango ulivunjwa.

Wiki hiyohiyo alikuwa amegombana na bibi jirani yetu kuhusu mpaka wa shamba. Bibi alimwambia mbele za watu, "Hili shamba utaliacha." Alikuwa mjane anayeishi peke yake, macho yake mekundu kwa miaka hamsini ya kupuliza kuni mbichi. Mimi alikuwa akinipa mafuta ya taa ya kusomea, kwenye chupa ya soda, akisema nimsomee barua za mwanawe zikija.

Askari wawili walikuja wakaandika. Mwili ukapelekwa hospitali, daktari akachukua damu, tukarudishiwa tuzike, majibu tutaitwa. Wazee waliomwosha mjomba walitoka wakinong'onezana. Midomo, kucha, viganja, vyote vyekundu kama vya mtu aliyetoka kuota moto. Maiti gani ina damu namna ile? Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama, tunamenya viazi vya msiba, na nililisikia lile neno likija kutoka kinywa hadi kinywa mpaka likafika kwenye beseni letu: msukule. Huyu hajafa, kachukuliwa. Na wa kumchukua anajulikana.

Niliacha kisu nikakimbia shuleni. Ukurasa niliukumbuka. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ikiingia mwilini inashikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu inakuwa nyekundu yenye kung'aa. Mtu anakufa kwa kukosa oksijeni huku midomo yake ikiwa na rangi ya uhai. Kilichowatisha wazee wetu kilikuwa kimeandikwa pale, kurasa chache baada ya mchoro wa tanuri la chuma.

Jioni kulikuwa na kikao cha ukoo. Walizungumzia kuwaita lambalamba, wale waganga wa kusaka wachawi, waje wasafishe kijiji. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira alisema mgodini waliogopa hewa kuliko jiwe, kwa hiyo jiko lile litazamwe. Lakini alikuwa ametoka kilabuni, wakamkalisha. Kaka yake mama akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Kitabu kilikuwa kwapani, chini ya khanga. Nilikuwa nimekifungia kidole pale kwenye ukurasa. Nikawatazama wanaume waliokaa kwenye benchi, nikatazama miguu yangu, na kikao kikafungwa.

Usiku nilikwenda kwa bibi. Nilimsomea ukurasa ule kwa Kiswahili, neno kwa neno, akanisikiliza akiwa ameshika mchi kama fimbo, kwa sababu alishaogopa. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo kitabu hakinitaji mimi?" Nikamwambia, "Hakikutaji, bibi. Kinalitaja jiko." Akakaa kimya kidogo. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. "Basi kesho kawaambie, mwanangu."

Sikuwaambia. Kesho yake nilimwambia mama peke yake, mama akanifunga mdomo kwa kiganja chake. Siku ya tatu kibanda cha nyasi alichopikia bibi kikachomwa moto usiku. Siku ya nne aliondoka kwenye pikapu, na godoro lake na kuku wawili, akaenda kwa binti yake Chunya. Viazi vyake vilioza ardhini, hakuna aliyethubutu kuvichimba. Alifariki hukohuko mwaka 2009, na mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa namkumbuka yeye.

Sasa nifike kwenu waandishi. Gazeti moja, sitalitaja, liliandika mistari minne kuhusu mjomba: kifo cha utata. Nakala ililetwa kijijini ikasomwa kwa sauti kilabuni, na nilimsikia mtu mzima akisema, "Mnaona, hata gazeti linakiri kina utata." Mistari ile iligeuka ushahidi dhidi ya bibi. Mwandishi, naamini, hakuwa na nia hiyo. Alipokea taarifa, akaandika, akaendelea na nyingine. Mama alikwenda kuulizia majibu ya damu mara tatu, kwa nauli ya kuuza viazi, na mara ya tatu akaambiwa faili lilishapelekwa mjini. Mwandishi angeuliza mara moja tu, kwa simu, pengine angejibiwa.

Ukubwani nimekuja kujua kwamba tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayotaka kifo cha ghafla kisichojulikana chanzo kitolewe taarifa na kichunguzwe. Na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya enzi za Mwingereza lakini ipo hadi leo, inafanya kumnyooshea mtu kidole kuwa ni mchawi kuwa kosa. Pale kijijini hakuna aliyezijua, na sijui kama mtendaji alizijua. Lakini hata zingejulikana, sheria haiwezi kuziba nafasi ya jibu ambalo halikuja. Familia ikikaa wiki tatu bila kuambiwa ndugu yao kaondokaje, italitafuta jibu kwa mganga, na mganga halazi mtu bila jibu.

Mimi sikuendelea baada ya kidato cha nne. Ninauza majiko, na kila anayenunua namwambia kabla sijapokea hela: usilale nalo. Wengi wananijibu moshi ukishaisha halina neno. Nawaambia moshi ndio unaokuamsha, kinachobaki baada ya moshi ndicho kibaya. Wengine wanauliza kama wakiweka beseni la maji pembeni. Maji hayasaidii kitu, hewa hiyo haiyeyuki humo kiasi cha kukuokoa. Kichwa kikianza kukugonga na miguu kulegea, toka nje wakati bado unaweza kutembea, kwa sababu ukichelewa unaweza kuanguka kabla hujafika mlangoni. Na nyumba hizi mpya tunazojenga, zenye dari na vioo na mlango unaobana, ndizo hatari kuliko zile za zamani ambazo tulizionea aibu. Haya nayasema mezani kwangu kwa mtu mmoja mmoja. Ninyi mnaweza kuyasema kwa mkoa mzima asubuhi moja.

Ombi langu ni hili. Mkiandika kwamba mtu kakutwa amekufa chumbani, mwulizeni kamanda kama kulikuwa na jiko humo ndani, na andikeni jibu lake. Wekeni tarehe kwenye daftari, na baada ya mwezi mpigie simu tena. Kama daktari amesema ni hewa ya mkaa, chapeni, hata kama ni mistari minne, na iwe ukurasa uleule, ili aliyesomewa ile ya kwanza asomewe na hii. Kama bado hawajajua, chapeni kwamba bado hawajajua na kwamba hakuna mtu anayetuhumiwa. Hiyo sentensi ya mwisho ingemtosha bibi yangu.

Vile vipande 11 vina tarehe na namba za kurasa, nimeviandika kwa kalamu nyuma. Vinne ni vya gazeti lako. Mkitaka kuanza na hivyo, nitavileta mwenyewe siku yoyote ya kazi, naomba tu iwe asubuhi kabla sijapanga meza.

Muuza majiko,
Uyole, Mbeya