Mhariri, chembe za nano hazikorogwi tu kwenye plastiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna kitu kwenye habari za sayansi kinanikera muda sasa. Kila ikiandikwa habari ya nano na plastiki tunaambiwa chembe "zinachanganywa" kwenye polima (molekuli ndefu kama minyororo zinazounda plastiki) halafu plastiki inakuwa ngumu, basi, habari imeisha. Jamani, hapo kwenye kuchanganya ndo penye kazi yote, na ndo panaporukwa.

Chukua chembe za silika (madini yaliyo kwenye mchanga) zenye upana wa nanomita 20 hivi, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Ukizimwaga kwenye polima iliyolainika ukakoroga, zinang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe zinafanya mabonge, na ukizidi kuongeza, mchanganyiko unakuwa mzito mpaka mashine inashindwa kuusukuma. Na kila bonge ni mahali ufa unaweza kuanzia. Ndo maana kwa kukoroga wengi wanaishia asilimia chache tu za chembe, wakati ule utando unaong'aa ndani ya gamba la chaza una madini karibu asilimia 95 kwa uzito na bado hauvunjiki kirahisi.

Sasa kuna njia ya kugeuza mpangilio na hii ndo ningependa wasomaji waijue. Unaanza na chembe peke yake: unazipaka juu ya kioo au sahani ya silikoni, zinakauka, zinabanana mpaka zinajaza asilimia 60 na kitu ya nafasi, na kinachobaki ni vitundu vilivyoungana. Kama utando wa polima umeshawekwa chini yake, unapasha joto tu mpaka ilainike (polistairini huanza kulainika kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi) na polima inapanda yenyewe vitunduni kama mafuta ya taa kwenye utambi. Hakuna kukoroga, na kwenye hatua hiyo hakuna kimiminika cha kuyeyushia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiwemo Daeyeon Lee na Kathleen Stebe, walilionyesha hili mwaka 2015. Ukiweka polima kidogo isiyotosha kujaza vitundu vyote unapata mpako ulioimarika lakini bado una hewa ndani, na hiyo inafaa kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo.

Nguvu inayovuta hapo sio ndogo. Kitundu chenye nusu kipenyo cha nanomita 10, na polima inayolowanisha chembe vizuri, kinatoa mgandamizo wa kama mara 60 ya ule wa hewa ya kawaida! Linganisha na otoklevu, yale matangi makubwa ya joto na presha wanamopikia vipande vya ndege vya nyuzi za kaboni, mengi yanafanya kazi kwenye presha ya mara 6 au 7 tu ili kuondoa mapovu kati ya matabaka. Mwaka 2020 timu ya Brian Wardle pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, iliweka utando wenye vitundu vya nano, wa neli za kaboni (mirija midogo mno ya kaboni), katikati ya matabaka ya nyuzi na epoksi (resini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi), resini ikavutwa humo na kipande kikatoka na uimara unaokaribiana na wa otoklevu, bila tangi. Kwa maoni yangu hii ni habari kubwa kuliko vichwa vingi vya "plastiki imara kuliko chuma", maana matangi hayo ni ghali na yanakula umeme mwingi.

Ila ugumu nao uandikwe. Vitundu vikiwa vidogo zaidi nguvu ya kuvuta inaongezeka lakini njia inabana zaidi, kwahiyo polima inakwenda polepole, na kina inachofika kinafuata kipeuo cha pili cha muda yaani ukitaka unene mara mbili unasubiri mara nne. Mpako ukiwa mnene mno unapasuka wakati wa kukauka. Na polima isipoupenda uso wa chembe, yaani isipoulowanisha, haiingii kabisa, hata upashe moto vipi.

Kwahiyo ombi langu, mwandishi akipata habari nyingine kama hii amuulize mtafiti: chembe ni asilimia ngapi kwa ujazo, zimeingizwaje, vitundu vimejaa kiasi gani, na mpako una unene gani. Hata aya moja ya majibu hayo itatutosha.

Msomaji wenu wa kurasa za sayansi