Nimekunywa mbege na bosi wa mfumo

Moshi,
Jumapili, 17 Machi 2024

Shosti wangu,

Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona? Bado nakumbuka tulivyofundishwa kuandika barua. Ningekutumia ujumbe wa sauti, ila habari yenyewe ndefu, na wewe zangu huwa unasikiliza nusu.

Unamkumbuka yule bosi wa kampuni ya programu iliyotutengenezea mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo, niliyesema siku nikimtia machoni atanitambua? Jana nimekunywa naye mbege, ile pombe yetu ya ndizi.

Chanzo ni Februari. Mwaka huu ina siku 29, na hiyo tarehe 29 ndiyo siku tuliyotakiwa kufunga mwezi. Asubuhi nafungua mfumo, naingiza rejesho la kwanza, unaniambia "Tarehe si sahihi". Nikadhani nimekosea, nikarudia. Nikamwita kijana wa kaunta, naye yakamkuta yale yale. Kwa mfumo wetu, ikiisha tarehe 28 ni Machi mosi, basi. Waliolipa kwa simu siku ile hela zao zikaning'inia, kesho yake zikasomeka za Machi, na mfumo bila haya ukawapiga penati ya kuchelewa. Yule mama wa ndizi wa Mbuyuni, ambaye tangu akope hajachelewa hata siku moja, alikuja na simu yake kaishika kwa mikono miwili kama cheti cha hospitali. Nilikaa ofisini hadi saa tatu usiku na kalkuleta na leja ya mkono. Ile leja tuliyoambiwa hatutaihitaji tena.

Basi jana bosi akaja mwenyewe kutoka Arusha. Kikao kilikuwa kama vikao vyote: projekta, maji ya chupa, "changamoto". Neno changamoto nimelihesabu hadi mara tisa nikachoka. Mwenyekiti wetu unamjua, kwake hakuna jambo linaloisha bila kata ya mbege. Akasema mgeni hawezi kurudi hajaonja kitu cha huku. Tukapanda Uru.

Mgeni ni mtu wa Iringa, kakulia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, kwa hiyo hakuja na maringo. Mama mwenye pombe akaonja kwanza, akampa mzee mwenyekiti, mzee akampa mgeni. Jamaa akachungulia makapi ya ulezi yanayoelea, akanywa, akaanza kuuliza. Ndizi zinachemshwa zikiwa mbivu au mbichi? Mbivu. Zinakaa siku ngapi kabla ya kutia uji wa kimea cha ulezi? Na huu uchungu? Magome ya msesewe. Ukiwahi kutia ulezi? Mwisho akauliza nani anaamua kwamba sasa imekuwa tayari kuuzwa. Mama akamtazama kama mtoto: "Si naonja!"

Jamaa akacheka mpaka akaweka kata chini. Akasema, "Hapo ndipo sisi tuliporuka, hatukuonja."

Akanigeukia, "Dada mhasibu, ile tarehe ni mimi." Si vijana wake, yeye. Wakati kampuni ni yeye na laptopu moja chumbani, aliandika kalenda kwa mkono wake, ingawa lugha za programu zinakuja na kalenda tayari ndani yake. Alitaka kujionyesha anaweza. Akaorodhesha miezi na siku zake, Februari akaipa 28, akajiambia atairudia. Nikamuuliza mbona 2020 haikutuumbua. Akasema 2020 hata mteja mmoja alikuwa hana. Akanichorea kanuni kwenye vumbi kwa kijiti: mwaka unaogawanyika kwa nne una 29, isipokuwa miaka ya mamia, labda igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ilikuwa nayo na 2100 haitakuwa nayo. Mzee akasema hiyo ya 2100 haimhusu.

Nilimpenda hapo, sitaki kukuficha. Lakini kuna kitu kikanikwama pia. Maneno haya kwa nini hayakusemwa mchana, mbele ya wanachama? Mama wa ndizi hakuwa Uru.

Nikambana na ule ujumbe mkavu, "Tarehe si sahihi", ambao haukuambii ufanye nini. Akasema wanachama wenye simu za vitochi wanatumia menyu za nyota na reli, na kioo kimoja kinabeba herufi 182 tu, nafasi na nukta zikiwemo. Kiswahili chetu ni kirefu, kwa hiyo ofisini kwake watu wanagombania maneno kama nyama ya sherehe. Sawa. Ila mimi natumia kompyuta, situmii kitochi. Hapo hakuwa na jibu.

Kata ya tatu au ya nne, akashusha sauti. "Nikuulize bila ubaya. Ile ankara ya Novemba iliishia wapi?"

Shosti, nilitamani ardhi ipasuke. Tangu Novemba hatujamlipa hela ya matunzo ya mfumo. Hati ya malipo niliiandaa mwenyewe, inasubiri sahihi. Nikamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akawa anatazama mlima, na mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu. Kumbe chama kinachowapiga wanachama penati ya siku moja, chenyewe kinadaiwa miezi minne! Jamaa hakugomba. Alisema tu kwamba siku hizi programu haandiki tena, kazi yake ni kupiga simu za kudai, na kila ikikaribia tarehe 25 hapati usingizi kwa sababu ya mishahara. Vijana wake wawili wameshakimbilia benki.

Tukiwa tunaagana, akauliza Wachagga wanaombaje radhi. Mzee, aliyekuwa amepona ububu, akamweleza habari ya jani la isale: ukimwendea uliyemkosea na jani lile mkononi, hawezi kukufukuza.

Leo natoka kanisani nakuta ujumbe wake. Penati zote za tarehe 29 zimefutwa, nimehakikisha moja moja, ya mama wa ndizi nikaanza nayo. Kesho asubuhi nampelekea mwenyekiti ile hati pamoja na kalamu, na nitasimama pale pale mezani. Chini ya ujumbe kaweka picha: mkono wake umeshika jani, kaandika "Isale". Nikaikuza picha.

Ni jani la muhindi. Sijamwambia bado.

Nisalimie watoto, na uniandikie.

Mimi wako,
shosti wa kaunta ya pili