Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, pamoja na habari ya daftari

Wapendwa wanafunzi, walimu wenzangu, wafanyakazi wote wa chuo, na ninyi mliokwisha kuhitimu ambao bado mnafuatilia salamu hizi kwa mazoea,

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na ambaye hakuguswa na hizo mbili, habari za masiku.

Kila mwaka ikifika wiki hii ofisi ya mshauri wa wanafunzi hutakiwa kutoa salamu za sikukuu. Nikiri: za mwaka jana nilichukua za mwaka juzi nikabadilisha tarehe, na aliyegundua ni katibu muhtasi peke yake. Kwa hiyo nianze na la wajibu. Kwa niaba ya ofisi nawatakieni nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mwenyezi Mungu awalinde njiani, awakutanishe na wazazi wakiwa wazima, awarudishe salama. Amina. Hilo limekwisha, sasa yangu.

Mji wetu wa Moshi umeshajaa. Mzunguko wa Mnara wa Saa haupitiki, na barabara za kupanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo zina foleni ambayo ikifika Januari hutaiona tena mpaka Desemba nyingine. Asubuhi mlima unaonekana wote pamoja na Mawenzi, kana kwamba nao unahesabu nani karudi na nani hakurudi. Wengi wenu mnakwenda kinyume na mkondo: wenzenu wanapanda kuja Moshi, ninyi mnashuka kwenda Mwanza, Kigoma, Mbeya, Lindi. Nauli ya msimu huu mnaijua. Iliyoandikwa kwenye tiketi ni moja, iliyotoka mfukoni ni nyingine. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini juzi kuuliza kama naweza kumwandikia barua ya kumwombea kondakta huruma. Nilicheka, halafu nikaona hacheki.

Mwaka ulikuwa mgumu, sina haja ya kuwasimulia bei ya mchele wala ya mafuta ya kula. Sahani ya wali maharage niliyokuwa nakula kwa 1,500 nimeiona ikienda 2,000, kisha 2,500, na kila bei ilipopanda maharage yalishuka. Wenye mageto huko nje sasa wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa mtu anayeishi kwa bumu, pesa ya mkopo inayosainiwa chuoni na kuja kwa awamu. Najua kuna waliokunywa uji jioni wakaita chakula cha usiku. Mlikuja ofisini wachache. Wengine nimewajua kupitia daftari nitakalolieleza.

Nani hakumjua yule mama wa getini? Mwaka wa kwanza ndio hamkumjua. Mnapita pale chini ya mgrevilea mkadhani ni kituo tu cha kusubiri bodaboda. Pale palikuwa na kibanda cha mabati, jiko la mkaa, chapati, maharage, chai ya rangi ya tangawizi, na mtori kila Jumamosi. Alifariki mwezi wa tisa, chuo kimefungwa. Tulikwenda Uru kumzika, walimu wanne na mlinzi mmoja, katika kihamba cha mumewe, shamba la nyumbani la Wachaga, tukarudi. Wanafunzi aliowalisha miaka yote hiyo walikuwa makwao au fildi, kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi walipata habari waliporudi wakakuta pamefungwa. Kuna aliyekuja kuniuliza mama amehamia wapi.

Mwezi uliopita binti yake aliniletea kauntabuku la mama yake, jalada jeusi, mgongo mwekundu, limelowa mafuta kila ukurasa. Alitaka kujua alichane au alifanyeje, maana waliomo hawajui kwa majina. Mama hakuandika majina. Aliandika “Mrefu”, “Wa miwani”, “Pacha wa kwanza”, “CR wa sheria” (kiongozi wa darasa), “Msukuma mpole”. Na mbele ya kila mmoja, pamoja na idadi ya chapati, aliandika sababu. “Hajasaini.” “Baba anaumwa.” “Simu imeibiwa.” “Anasubiri cheti.” Nimekuwa katika ofisi hii miaka kumi na moja, nina mafaili kabati zima, na hakuna faili hata moja linalowajua ninyi kama kauntabuku lile.

Nikaendelea kufunua. Ukurasa wa katikati nikakuta “Mshauri. Chai 1, chapati 2. Hakuwa na chenji, alikuwa na mawazo.” Niliikumbuka ile asubuhi. Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wangu, nilipita pale nikala nikaondoka bila kusema neno, na yeye hakunidai wala hakunikumbusha. Nilimpita kila siku kwa muda wa miaka miwili nikimsalimia kwa sauti ya mtu asiyedaiwa.

Naomba mnisamehe kwa kuliweka hilo katika salamu za Krismasi, lakini nisingeweza kuandika za mwaka juzi tena.

Yule mama alishika kalenda ya chuo kuliko mimi, kwa sababu biashara yake ilikuwa humo. Alijua lini mnasaini bumu, lini UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inaanza, lini dirisha la rufaa ya mkopo linafungwa. “Mwanangu, umeshasaini? Wenzako wanasaini.” Wangapi walikwenda mbio kutoka pale na chapati mkononi? Matangazo yetu yamebandikwa ubaoni na yametumwa kwenye simu zenu, na bado mtu anakuja wiki moja baada ya mwisho kuniambia hakuona. Hakuona kweli, kwa sababu hakuna aliyemwita mwanangu akamuuliza. Basi, kwa kuwa hayupo, mwaka huu nauliza mimi, na mnivumilie nikiuliza kwa mpangilio mbaya.

La kwanza ni la huko huko nyumbani mnakokwenda. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, ndiye yule “Anasubiri cheti”, alikosa mkopo kwa sababu hakuwa na cheti cha kifo cha baba yake. Alikula kwa mama wa getini muhula mzima. Ilipofika Desemba mama akamwambia: nenda, shangazi zako wote watakuwepo, waulize mmoja mmoja. Cheti kilikutwa kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, kwa shangazi ambaye hakujua kina kazi gani. Mwaka uliofuata alipata. Bumu la kwanza alilipa 68,000, nimeona mstari uliopigwa juu ya deni lake. Kwa hiyo wewe unayekwenda kula ndafu na kisusio, kumbuka ni siku hii tu ukoo mzima uko uani pamoja. Una mdogo wako anayemaliza kidato cha sita? Ulizia cheti chake cha kuzaliwa leo, kipelekwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kuhakikiwa mapema. Kama kuna mzazi aliyetangulia, tafuta cheti cha kifo. Ongea na atakayekuwa mdhamini, mwone mtendaji wa kijiji kabla hajasafiri. Dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa katikati ya mwaka, foleni za kutafuta karatasi hizo huwa ndefu, na shangazi atakuwa amesharudi Dar.

Januari hapa chuoni tunaendelea na muhula ule ule. Msiitumie sikukuu ya Mapinduzi ya tarehe 12 kama daraja la kuchelewa wiki mbili. Asiyekamilisha usajili asitegemee kuingia kwenye UE kwa machozi. Vimbweta, zile meza na viti vya nje vya kusomea, vimepigwa rangi, na taa za upande wa maktaba nimeahidiwa zitawaka. Nimeahidiwa.

Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathon, ambayo imekimbiwa hapa Moshi tangu 2003 na kuanzia na kuishia uwanja wa Ushirika. Kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna zile 5 za sisi wenye vitambi. Wikiendi hiyo nyumba za wageni hujaa na mji hutafuta mikono: ya kugawa maji, ya kuelekeza wageni, ya kutafsiri, ya kuuza mayai na ndizi. Mwaka jana niliona vijana wetu wakilala mpaka saa nne wakati vijana wasio na cheti chochote wakirudi na pesa ya mwezi. Anayetaka kujitolea au kufanya biashara aje mapema.

Halafu Arusha. Ni kilomita 80 tu, na wanafunzi wangu wanaijua kwa soko la Kilombero na mitumba. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale, ikiwa na nchi wanachama 8 sasa. Mahakama ya Afrika Mashariki iko pale, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale tangu 2007. Mashauri husikilizwa hadharani. Ninyi wa sheria, mmewahi kwenda kukaa kimya nyuma mkasikiliza? Nafasi za mafunzo kwa vitendo hutangazwa na taasisi zenyewe, na Kiswahili sasa ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya. Mnakidharau kwa kuwa mlizaliwa nacho, lakini huko kinaandikwa, kinatafsiriwa na kinalipwa. Anayetaka barua ya fildi ya upande huo asisubiri Juni. Na wa kilimo na biashara, Agosti kuna Nanenane viwanja vya Themi, Njiro. Nendeni na kitu cha kuonyesha, msiende na miwani ya jua tu.

Wanaohitimu: ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ni za vijana. Inatolewa kwa vikundi. Kikundi hakiundwi siku ya kuchukua fomu, kinaundwa sasa, na watu unaoweza kuwakabidhi pesa ukalala. Ukimaliza kuwahesabu utaona ni wachache. Mimi niliwahesabu wangu nikabaki na watatu, na mmoja ni mke wangu.

Wanangu, sasa niruhusuni niseme kama mzazi. Acheni mikeka ya kubeti. Nimeona bumu likiingia saa nne asubuhi na kufikia saa moja usiku limeliwa na timu ambayo aliyebeti hata haitambui. Acheni kujionyesha kwa mzazi aliyeuza mbuzi ili ufike chuo, ukamtumia picha ya viatu vipya. Kaeni jikoni na mama. Mwulizeni baba kahawa imelipaje mwaka huu, na akikujibu kwa mkato, ujue imelipaje. Kama kuna ndugu mliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, masale, majani ya kuombea msamaha kwa Wachaga, bado yapo mpakani, hayauzwi, kata jani moja uende. Mliokosana na rafiki kwa asaimenti, mpigieni. Aliyekukopesha nauli, mkumbuke hata kama hukumbuki kiasi. Bodi ya Mikopo nayo ina daftari lake, na lile litakata asilimia 15 ya mshahara wako bila kukuita mwanangu. Lakini madaftari mengine yanafungwa pamoja na mwenye nayo, na baada ya hapo huna pa kulipa. Nani alikubeba mwaka huu ukiwa hujasaini? Umemwambia nini? Mwaka unaisha, mtu anaweka akiba ya maneno kana kwamba nayo yatapanda bei!

Nimepanda mimbari, nashuka.

Binti wa mama nimemwambia asilichane. Daftari liko droo ya juu ya meza yangu. Ukijitambua humo, mrefu wewe, wa miwani, pacha wa kwanza, njoo Januari au tuma salamu, nitakupa namba yake ulipe mwenyewe. Ana watoto wawili shule ya msingi na anafikiria kufungua kibanda tena. Mimi nimelipa. Alikataa kupokea zaidi ya kiasi kilichoandikwa, akanirudishia chenji.

Kwa waliofiwa mwaka huu, Mungu awatie nguvu. Kwa wagonjwa, uponyaji. Kwa mnaosubiri matokeo ya rufaa, subira. Heri ya Krismasi, heri ya Mwaka Mpya, na ndugu zangu Waislamu, tuombeane mpaka tuione Ramadhani tukiwa wazima.

Mnaobaki hosteli kwa kukosa nauli, najua mko kama ishirini hivi: siku ya Krismasi baada ya ibada chakula ni kwangu, pilau na ndizi nyama, waulizeni walinzi nyumba. Mama mwenye nyumba amesema kila mmoja aje na sahani yake, maana mwaka jana zilipungua, na kijiko kimoja kikubwa hakijarudi mpaka leo.

Wenu,
Mshauri wa Wanafunzi
Moshi