Barua kwa mpwa wangu: 1791 haikuwa ya mfalme wa Ufaransa tu

Mpwa wangu,

Nimeisoma kazi yako ya historia kuhusu mwaka 1791, umejitahidi sana, ila kuna kitu kimeniuma nikaona nikuandikie hapa hadharani maana najua hauko peke yako. Ukurasa mzima ni mfalme Louis XVI alivyotoroka Paris usiku wa tarehe 20 Juni kajifanya mtumishi, akaenda kukamatwa Varennes, sawa, ukaweka na mwanamuziki Mozart kufariki Desemba. Alafu Saint-Domingue, yani Haiti ya leo, umeipa mstari mmoja tu, eti "watumwa walifanya fujo". Fujo kweli? Lile neno lifute leo hii, andika mapinduzi.

Lile koloni la Ufaransa lilikuwa na watumwa karibu nusu milioni, wazungu hawazidi 40,000, na sukari yake ndo ilikuwa inatajirisha bandari za Ufaransa. Sasa fikiria kinu cha miwa msimu wa mavuno, kinazunguka mchana na usiku, mtu anaingiza miwa kwa mkono katikati ya vyuma vinavyokamua na usingizi umemzidi, kidole kikinaswa mkono wote unavutwa, ndo maana kwenye vinu vya visiwa vile vya Karibi walikuwa wanaweka panga au shoka pembeni, la kukata mkono kabla mwili haujafuata. Watu walikufa sana, meli zikawa zinaleta wengine kila mwaka, kwa hiyo wengi wa walioinuka walikuwa wamezaliwa Afrika kabisa.

Usiku wa tarehe 22 Agosti wakaanza, Boukman akiwa mmoja wa viongozi, wakachoma miwa, wakavunja na vile vinu, ndani ya wiki chache mamia ya mashamba ya kaskazini yakawa majivu. Boukman aliuawa Novemba, kichwa chake Wafaransa wakakitundika Cap-Français, mji wa kaskazini mwa koloni, ili watu waogope. Wapi! Mwaka 1793 utumwa ukafutwa kwenye koloni lile, Paris ikafuata 1794, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa nchi huru.

Na angalia wakubwa walikuwa wanafanya nini mwaka huohuo. Aprili Bunge la Uingereza likaukataa mswada wa mbunge Wilberforce wa kuzuia biashara ya watumwa, kura 163 kwa 88. Desemba Marekani ikapitisha yale marekebisho 10 ya katiba, ya haki za raia, yanayosifiwa mpaka leo, huku ndani ya nchi kuna watumwa karibu 700,000. Mimi naona waliosema haki ni ya kila binadamu na wakamaanisha ni wale wa mashamba ya Saint-Domingue, hata kama hawakuandika kwenye karatasi.

Afu usidhani mambo haya yako mbali na sisi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa watu walionunuliwa pwani hii na Wafaransa walipelekwa Mauritius na Réunion, lakini miaka ya 1780 meli zao zilikuwa zinazunguka kusini mwa Afrika na watu wa upande huu wa bara mpaka Saint-Domingue kwenye miwa. Kwa hiyo ukiiandika 1791 upya Kilwa iwemo, Kilwa hiihii ya mkoa wa Lindi.

Mjomba wako