Kabla ya Mfungo Mosi

Shoga angu Mwanaidi,

Salaam alekum, za Tanga, za watoto, na mzee kiuno kimepoa? Sie huku Dar tupo, joto tu ndo linatumaliza, Februari hii hata feni inapuliza moto. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikacheka kwa vile ulivyokuwa unanong'ona utasema kompyuta inakusikia, ya pili ndo nikaelewa una hofu kweli, unauliza hizo kompyuta za duka lako la kuprinti zitazimika, na lini uzipandishe kwenda Windows 11. Nikasema haya mambo ya kuandikiana meseji moja moja hayafai, ngoja nikae nikuandikie yote.

Kwanza toa wasiwasi, hazizimiki. Hilo tangazo linalokuja kila ukiwasha linasema Windows 10 imefika mwisho wake, na kweli imefika, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia. Ila kuacha kuihudumia maana yake hawazibi tena matundu bure, sio kwamba kompyuta itagoma. Duka lako litafunguka kama kawaida, ila mlinzi kaacha kazi. Na wewe shoga duka lako ndo lile la kila mtu kuja na flashi yake, mwanafunzi katoka nayo chuo, mwalimu katoa kwa mwalimu mwenzie, inachomekwa kwako unafungua unakuta mafaili yote yamegeuka shotikati. Kwa hiyo mlinzi unamhitaji kuliko mimi. Unakumbuka Mei 2017 vile virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa, hadi hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani? Dawa yake ilikuwa imeshatoka tangu Machi, watu tu walikuwa hawajaiweka.

Sasa usinielewe vibaya ukakimbia kubonyeza leo. Mie mwenyewe siwekagi kitu kipya kikitoka tu. Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti kubwa ya hiyohiyo Windows 10, siku chache tu wakaisimamisha maana kuna watu walimaliza kuiweka wakakuta picha na dokumenti zao hazipo, wengine ni wale waliokuwa wamehamishia folda zao diski D wakaacha mafaili mengine kule zamani, ikaenda ikayafagia. Ilirudi Novemba ikiwa imetengenezwa. Tangu hapo mie toleo jipya naliacha miezi kadhaa, wenye haraka watangulie. Lakini Windows 11 sio mgeni tena, ilitoka Oktoba 2021, watu washateseka kwa niaba yako vya kutosha.

Kwa hiyo swali lako la lini, mie silijibu kwa hilo tangazo, nalijibu kwa kalenda ya duka lako. Ngoja nikwambie kilichonipata ndo utaelewa.

Mwaka juzi nilikuwa na kazi ya kadi za kitchen party, 150, mwenyewe anazifata Ijumaa saa nne. Alhamisi mchana kazi imetulia nikasema aa, acha nipandishe hii laptopu kwenda Windows 11 nimalize. Nikabonyeza. Ikafika asilimia 61 umeme huo ukaenda, na betri ya ile laptopu unaijua, inakaa dakika kumi ukiibembeleza. Nilisimama pale nimeshika chaja mkononi kama naweza kuipulizia moto kwa mdomo. Ikazima. Umeme kurudi saa tatu usiku ikawaka na maandishi inasema inarudisha mabadiliko, ikazunguka mpaka nikalala kwenye kiti. Alhamdulilahi ilirudi kwenye Windows 10 yangu salama. Mtu mwenye akili angeishia hapo, mie nikaanza upya usiku uleule, ikakubali, asubuhi nafungua kila kitu kipo, kizuri, nabonyeza printi, printa kimya. Draiva yake ya zamani, ile programu inayoifanya printa isikilizane na kompyuta, haikuelewana na hiyo Windows mpya. Kadi nimeenda kuzitoa kwa mtu Kariakoo kwa bei ya kuchinjwa, na bi harusi mtarajiwa kaninunia mpaka leo. Kosa sio la Windows wala la printa, nani kaniambia nifanye Alhamisi.

Wewe sasa una mashine mbili na majibu yao ni tofauti. Ile laptopu, HP EliteBook 840 G5, kama prosesa yake ni Intel jenaresheni ya 8 basi ipo kwenye orodha ya Microsoft ya mashine zinazokubali Windows 11, hapo ndo mstari wenyewe ulipo kwa Intel. Angalia lakini kwanza kwa macho yako: shika kitufe cha Windows na R pamoja, andika tpm.msc ubonyeze Enter, kidirisha kikifunguka tafuta palipoandikwa 2.0, hiyo TPM ni chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka. Ikiwa ipo nipigie picha unitumie. Hiyo ifanye mwezi huu wa Ramadhani, wiki ya kwanza au ya pili, mchana watu wamelala na duka limepoa. Usivuke hapo maana unajua mwenyewe Ramadhani ikiisha Mfungo Mosi ukiingia, harusi zote zilizosubiri zinamwagika kwa wiki tatu na kadi zote za Ngamiani zinakuja kwako, huo sio wakati wa printa kuwa kimya.

Chagua Jumapili asubuhi, sio jioni, na ule umeme wa jenereta ya jirani muombe mapema. Mafaili yote hamishia kwenye diski ya nje, uchomoe, uiweke kabatini, bakapu iliyochomekwa sio bakapu. Draiva ya printa ishushe kabla hujaanza kitu, hata mara mbili. Na angalia kama laptopu imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, ikiwa imefungwa kuna namba yake ndefu ya tarakimu 48, iandike kwenye daftari la madeni kabisa maana hilo najua halipotei. Ukimaliza, toa kopi, skani, toa kadi moja, fungua kila unachokitumia siku hiyohiyo, kwa sababu wanakupa siku 10 za kurudi ulipotoka na mafaili yako yakiwa palepale, zikipita imekula kwako. Na usije ukajifanya msafi ukafuta folda ya Windows.old, ile inayotunza Windows yako ya zamani, ndani ya hizo siku, njia ya kurudi ndo hiyohiyo.

Bando la kuishusha Windows 11 usihangaike nalo, faili lake ni zaidi ya gigabaiti 5, nitakuwekea kwenye flashi nikupe kwenye basi.

Ile ya mezani, OptiPlex 7010 ya i5 jenaresheni ya 3, haimo kwenye orodha. Huyo fundi wako kakwambia anaweza kukupigia Windows 11 juu yake kwa njia ya panya, na hakudanganyi, inawezekana, nimefanya mara nyingi. Ila Microsoft hawakuahidi kuihudumia, na matoleo mapya ya kila mwaka hayaji yenyewe, itabidi umwite tena na tena. Mashine ya kuchezea gemu za watoto sawa, hiyo ndo inakulipia kodi, mie siipigi. Iache na Windows 10 uisajili kwenye ule mpango wa kuongezewa mwaka, inaendelea kupata viraka vya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Ingia kwenye settingi sehemu ya apdeti, kama ni toleo la 22H2 utaona pa kujiandikisha, unaingia na akaunti ya Microsoft, ukikubali iwe inahifadhi settingi zako kwao hulipi, ukikataa dola 30. Hilo fanya hata leo, halina cha kusubiri, halibadilishi chochote unachokiona.

Ukishajisajili hiyo ya mezani haina haraka. Msimu wa watoto wa maombi ya mkopo wa HESLB na vyuo upite, wakija kwa foleni na vyeti vyao wakute mashine inayoijua kazi, hela ya hapo iweke pembeni, Septemba tutafute nyingine iliyotumika, jenaresheni ya 8 kwenda juu. Muuzaji akikwambia "hii inakubali Windows 11 dada" mwambie aiwashe mbele yako, tpm.msc, uone mwenyewe.

Basi la asubuhi Jumamosi nitampa kondakta flashi, ina utepe mwekundu, ipo ndani ya bahasha ya kaki na jina lako. Akirudi mpe machungwa ya Muheza, na usinichagulie yale madogo kama mwaka jana.

Wako,
Zuhura