Malalamiko Kuhusu Sproketi ya Nyuma Mliyoifunga Kwenye Chopa Yangu

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Pikipiki,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: SPROKETI ISIYOLINGANA NA ODA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyeleta karakanani kwenu pikipiki ya chopa, fremu ya kuundwa isiyo na shokapu nyuma, yenye injini ya Yamaha XS650. Oda yangu ilikuwa ya maandishi na nakala yake nimeiambatisha pamoja na risiti: sproketi, yaani duara la chuma lenye meno yanayoshika cheni, ya mbele meno 17, ya nyuma meno 36, zote za cheni namba 530. Ya mbele iko sawa, sina neno nayo. Nilipokuja kuchukua pikipiki nikaambiwa kwamba za meno 36 zimekwisha, kwa hiyo fundi wenu amenifungia ya 45, tena ni afadhali kwa kuwa "meno mengi ndiyo nguvu". Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza.

Kibaya zaidi nilikuja kukijua baadaye, fundi wangu wa Katwe alipoifungua na kuipima kwa venia, kile kipimo cha milimita cha mafundi. Sproketi hiyo ni ya cheni namba 520. Cheni ya 520 na ya 530 hulingana kutoka pini hadi pini, milimita 15.875, ndiyo maana mtu akizungushia cheni kwa mkono huona meno yanaingia, akaridhika. Upana ndio unaotofautiana: nafasi ya ndani ya cheni ya 520 ni milimita 6.35, na ya 530 ni 9.53. Jino jembamba ndani ya cheni pana halina kinachoishikilia cheni isiyumbe. Cheni yangu mpya tayari imekwanguka upande mmoja kwa ndani, na meno yameanza kung'aa upande huohuo. Cheni ikiruka pikipiki ikiwa kwenye mwendo, inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Mnajua malori yanavyokimbia barabara ya Masaka. Sitaki hata kufikiria mtu aanguke mbele ya lori kwa sababu ya kipuri kilichochaguliwa kwa jicho.

Kuna pia matundu ya bolti. Hayakulingana na habu yangu, yaani kitovu cha gurudumu, mkayatoboa upya kwa dirili ya mkono, na sasa yamekaa mviringo wa yai. Sproketi haikukaa katikati. Ukizungusha gurudumu taratibu, cheni inakaza, inalegea, kisha inakaza tena. Kwenye fremu isiyo na shokapu gurudumu halipandi wala kushuka, kwa hiyo mkazo wa cheni ulipaswa kuwa uleule mzunguko mzima.

Sasa niseme kuhusu hayo meno 45. Uwiano niliouchagua, 36 kwa 17, ni takriban 2.12. Wa kwenu ni 2.65. Mwendo ambao injini ingezunguka mara 4,000 kwa dakika sasa inazunguka mara 5,000, na mtikisiko wote unaishia kwenye kiti na mikono. Ni kweli meno mengi nyuma husaidia kupanda mlima na kubeba mzigo, na kwa bodaboda anayepakia matoke hilo ni jambo la maana. Mimi nimeijenga chopa hii kwa safari ndefu za kwenda Mbarara, mwendo wa utulivu kwenye lami, na injini ya silinda mbili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 653 haihitaji kusaidiwa kiasi hicho. Zaidi ya hayo, sproketi ya meno 45 ina kipenyo cha karibu sentimita 23, wakati ya 36 ni kama 18. Cheni imeshuka mpaka inagusa bomba la chini la fremu, na imekwangua rangi hadi chuma kinaonekana.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Hii hailingani kwa meno, kwa upana wala kwa matundu.

Naomba mniletee sproketi ya meno 36 ya cheni 530, iliyotobolewa kiwandani au kwa mashine kulingana na habu yangu, pamoja na cheni mpya, na mlipe gharama ya kurudishia rangi ya fremu. Kama hamna, nirudishiwe fedha zangu zote pamoja na gharama hizo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Sproketi mliyonifungia ninayo, na fundi wenu anakaribishwa kuja na venia yake aipime mbele yangu.

Wenu,
Mteja, Ntinda.