Mashine ya kuoshea vyombo imebaki na maji? Usikimbilie kununua pampu

Mashine imemaliza kuosha, unafungua mlango, na chini kuna maji machafu yaliyotanda mafuta. Wateja wengi wanaotupigia sisi mafundi huwa wameshaamua kwamba pampu imekufa. Mara nyingi pampu ni nzima, ila imezuiwa na taka, povu au mpira wa kutolea maji uliopinda.

Maji kidogo ndani ya shimo la chujio ni ya kawaida, kazi yake ni kulinda sili (mpira unaozuia maji kuvuja) isikauke. Tatizo ni maji yanapopanda juu ya chujio. Na kama umeme ulikatika katikati ya kazi, huenda mashine ilisimama tu kabla ya kumwaga. Kwenye nyingi za Bosch, bonyeza kitufe cha kuanzia kwa sekunde 3: programu inafutwa, pampu inamwaga kwa kama dakika moja.

Haikumwaga? Chomoa plagi. Kama imefichwa nyuma ya kabati, zima mein swichi. Toa trei ya chini ya vyombo, chota maji kwa kikombe, malizia na dodoki. Vaa glavu, kwani vipande vya glasi iliyovunjika hukaa hapohapo.

Zungusha chujio kinyume na mshale wa saa, ulivute juu. Kwa vyakula vyetu, utakuta punje za wali, mbegu za nyanya, miiba ya samaki na viungo vya pilau: karafuu, iliki, vijiti vya mdalasini. Wali ndio msumbufu kuliko vyote. Ukilowa unalainika kuwa uji mzito na kuziba matundu ya wavu, kisha samli au mafuta ya nazi yanaganda juu yake. Osha kwa maji ya moto, sabuni na mswaki laini. Brashi ya waya inatoboa wavu, na wavu ukitoboka taka zote zinaelekea kwenye pampu.

Chini ya chujio, upande mmoja wa shimo, mashine nyingi zina kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue taratibu kwa mpini wa kijiko. Nyuma yake kuna feni ya pampu. Izungushe kwa kidole. Ikienda kwa kukwamakwama, inashika na kuachia, ni nzima, hiyo ni nguvu ya sumaku iliyo ndani. Watu wengi hudanganyika hapa wakadhani imeganda. Ikigoma kabisa, tafuta kipande cha glasi, mwiba au kijiti cha meno, ukitoe kwa koleo ndogo. Rudisha kifuniko mpaka kilie “ka”. Kikikaa vibaya pampu inanguruma bila kusukuma maji, na Bosch huonyesha namba ya hitilafu E25. Ikionyesha E24, hamia kwenye mpira wa kutolea maji.

Mpira huo hupindika mashine inaposukumwa chini ya kaunta. Vuta mashine kidogo uunyooshe. Uchomoe pia pale unapoingia kwenye bomba la sinki, beseni likiwa chini yake, maana mafuta huganda sana kwenye shingo hiyo. Kama mashine ni mpya na haijawahi kumwaga hata siku moja, karibu kila mara fundi bomba alisahau kukata kizibo cha plastiki kilichokuja na bomba la sinki. Urefu nao una maana: mwongozo mwingi unataka mpira upite kati ya sentimita 40 na 100 hivi kutoka sakafuni. Ukiwa chini mno, maji ya sinki yanarudi ndani ya mashine. Jaribu kwa kujaza sinki, uachie maji yote kwa mkupuo, kisha uchungulie ndani.

Povu je? Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai kabisa humu. Pampu inakoroga povu badala ya kusukuma maji. Chota povu, ongeza maji baridi, mwaga, rudia mpaka liishe. Wala usimimine dawa kali ya kuzibulia mabomba. Inakula mipira ya ndani, na inaweza kumrukia atakayefungua pampu.

Yote yakiwa safi na pampu bado kimya, hapo ndipo tunapima ukinzani wa umeme wa pampu. Pampu nyingi za kawaida za volti 220 hadi 240 husoma kati ya omu 100 na 250. Waya wake ukiwa umekatika ndani, tunabadilisha. Pampu ikifanya kazi bila kukoma huku mashine haivuti maji, maji yamevujia kwenye trei ya kukinga maji iliyo chini kabisa ya mashine na kuinua boya la usalama. Kwa Bosch ni E15. Hiyo funga koki ya maji, chomoa plagi, utuite, kwa sababu lazima uvujaji wenyewe upatikane.

Unapotutafuta, tutumie picha ya lebo iliyo ukingoni mwa mlango na namba ya hitilafu iliyo kwenye kioo cha mashine. Pampu hazifanani hata kwa chapa moja, na lebo hiyo ndiyo inatuwezesha kuja na inayotakiwa.